Mwalimu Limi Ngassa, Aliyejifunza Urubani Shinyanga (1945–1972)

Songwa, 14 Septemba 1972. Wasifu huu unasomwa na kaka yake, Donatus Ngassa.

Marehemu Limi alizaliwa hapa Songwa tarehe 3 Machi 1945, mtoto wa tatu wa Mzee Ngassa na Mama Bernadina. Ilikuwa masika, njia zimejaa maji, na mkunga alifika mtoto akiwa tayari analia. Mama husema tangu siku hiyo Limi hakuwahi kumsubiri mtu.

Alisoma shule ya msingi hapahapa, akaendelea kwa masista hadi alipohitimu ualimu mwaka 1965. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Segese. Huko, mwaka 1967, jirani yake aliyeshikwa na uchungu alikufa njiani juu ya mkokoteni wa ng'ombe, hospitali ikiwa bado mbali. Limi ndiye aliyekuwa amempakata kichwa. Hakulizungumza sana jambo lile, ila alipohamishiwa Shinyanga mjini mwaka uliofuata, alianza kuulizia habari za ndege.

Mwenye ndege alikuwa Bwana Zakir, muuza vitambaa, ambaye mtoto wake alisoma darasani kwa Limi. Ilikuwa ndege ndogo ya mafunzo, ya zamani sana, ya viti viwili, haina paa, mabawa yamewambwa kitambaa, na ili iwake ilibidi mtu azungushe pangaboi kwa mkono. Bi Sherbanu, mke wa Zakir, alicheka.

"Mwalimu, mimi mkewe nimekataa kuipanda. Wewe unataka kuiendesha?"

"Nataka, dada. Wagonjwa wa kule kwetu hawafiki."

Zakir alimfundisha kila Jumamosi, akimpigia kelele kutoka kiti cha mbele. Limi alipoanza kuruka peke yake, mwaka 1970, alikuja hadi hapa nyumbani, akapita chini sana. Ng'ombe wakavunja zizi. Baba alishinda porini akiwatafuta, na Limi alipokuja kuomba radhi, alimwambia, "Ng'wanawane, mwanangu, siku nyingine hiyo ndege yako ipige hodi kwanza."

Tarehe 24 Oktoba 1970 alifunga ndoa na Bwana Eustace Mihayo, karani wa ushirika wa pamba. Eustace aliiogopa ile ndege na hakuficha. Alimwomba aache alipokuwa mjamzito. Limi akaacha, akajifungua, kisha akarudi. Alikuwa amebakiza mtihani mmoja tu ili aruhusiwe kubeba abiria.

Jumamosi iliyopita, tarehe 9, alipaa asubuhi akiwa peke yake, Zakir amesimama kando ya uwanja. Kabla ndege haijafika juu, injini ikazimika. Kila mwanafunzi hufundishwa kwamba hapo asigeuke kabisa. Anyooshe mbele atue popote, maana ndege iliyopoteza mwendo ikigeuzwa huanguka. Limi aligeuka. Ndege ikalalia bawa moja, ikaanguka kwenye shamba lililokwisha kuvunwa.

Alifikishwa hospitali mbavu zimevunjika, damu ikivujia ndani. Zakir alipoingia wodini alishindwa kujizuia.

"Nilikuambia usigeuke! Mara ngapi nilikuambia?"

"Mbele kulikuwa na mnada wa ng'ombe, mwalimu. Watu walikuwa wamejaa." Akavuta pumzi kwa shida. "Niliogopa sana."

Mnada ule uliendelea mpaka jioni. Limi alifariki dunia Jumanne, tarehe 12, mchana.

Tangu hapo yamesemwa mengi, kwamba Mhindi ndiye aliyemuua. Jana Zakir alipofika msibani, vijana walimzuia asiingie uani. Baba alitoka mwenyewe, akamshika mkono, akamketisha kwenye mkeka wake.

"Huyu amefiwa," alisema. "Mpeni maji."

Maji yaliletwa.

Marehemu ameacha wazazi wote wawili, mume, ndugu wanne, na binti mmoja, Paskalina, mwenye umri wa mwaka mmoja. Paskalina alipiga hatua zake za kwanza Jumapili, mama yake akiwa wodini. Limi aliambiwa, akafurahi. Hakuwahi kumwona akitembea.

Mungu ampokee Limi wetu, ampe pumziko lenye amani.