Ndevu za Samaki Wetu

Kijiwe chetu ni benchi la mbele ya duka la Ristana, hapa Prespa, linalotazama ukuta mrefu wa ghala la matufaa. Asubuhi hiyo mchoraji alikuwa njiani, na baraza la kijiji lilishamwandikia kwamba ukutani achore tufaa. Naum, tunayemwita Nahodha kwa miaka yake arobaini ya kuvua, roho ilikuwa ikimuuma wiki nzima. Alitaka achorwe shtipalka, yule samaki mwembamba anayejifukia mchangani, asiyepatikana popote ila katika ziwa letu. Mimi nilikuwa upande wake, na sioni haya kusema.

— Matufaa hata Polandi yapo, alisema Nahodha. Huyu yuko hapa tu.

Profesa, aliyefundisha muziki muhula mmoja jina likamganda, akaongeza kwamba watu wa Ohrid, lile ziwa jirani, pamoja na watalii wao wote, huyu hawana.

— Wampate wapi? akasema Nahodha. Maji yao yana maringo.

Sotir, askari wa mpakani mstaafu, akaona hiyo haitoshi. Ziwa tunagawana na Waalbania na Wagiriki, lakini yeye alishikilia kwamba samaki huyu huzaliwa kwetu, huko kwingine huenda matembezi tu.

— Bila pasi? nikamuuliza.

— Ana mwiba chini ya jicho, bwana. Nani atamsimamisha?

Kahawa ya pili ilipoletwa, samaki wetu, kwa maneno yetu, alikuwa ameshamfukuza majini mwari mzima, yule ndege mwenye mfuko mdomoni, na sote tumetanua vifua. Ndipo Evdokija, mchoraji mwenyewe, akafika na ndoo zake za rangi. Alimsikiliza Nahodha hadi mwisho, akasema hata yeye amechoka kuchora matufaa, kwa baraza la kijiji atajieleza mwenyewe. Akafungua daftari.

— Ana ndevu ngapi?

Profesa akasema mbili. Sotir akasema nne. Wote wakamgeukia Nahodha.

— Miaka arobaini namtoa kwenye wavu namrudisha majini, akasema polepole. Sijamtazama usoni hata siku moja.

Nahodha aliacha kahawa yake ikifuka moshi, akaomba chupa tupu kwa Ristana, akakunja suruali na kuteremka ziwani. Tulimwona akiinama na kuinuka, akiinama na kuinuka, hadi jua likapanda.

Alirudi amelowa hadi kifuani, kidole kinavuja damu, chupa ameikumbatia. Tukasogea, watu wazima, kumtazama samaki wetu.

— Sita, akasema Nahodha. Zichore zote, binti.