Kofia ya Kingori

...na hapo ndio nilikuwa nimefika kabla nikimbie kuangalia maharagwe. Nilikuwa nasema hivi: Kingori Muchiri anamaliza kazi leo, Ijumaa tarehe thelathini na moja Oktoba, baada ya miaka thelathini na nne kwa hii kiwanda yetu ya majani chai hapa juu ya Kangari. Meneja aliniambia niandike maneno ya kusomwa kwa sherehe, kwa sababu ati mimi wa kantini najua maisha ya kila mtu. Ya Kingori nilifikiri najua. Mpaka sasa mdomo yangu haijafunga vizuri.

Aliingia hapa mwaka wa tisini na moja, kijana mwembamba kama fito, wakampeleka kwa majani mbichi. Hapo ndio amekaa. Kwa wageni wetu wa leo: jani ikitoka shamba iko na kiburi. Ukiitia kwa mashini hivyo, inakatika ovyo na chai inatoka mbaya. Kwanza inalazwa kwa zile meza ndefu, inapuliziwa hewa mpaka ilegee. Kingori anachukua ngumi moja ya majani, anafinya, anafungua mkono. Jani ikirukaruka, bado. Ikilala hapo kama mtoto ameshiba, peleka.

Vijana wengi sana wamefundishwa hiyo kazi na yeye, na hakuna mmoja amewahi kumsikia akipiga kelele. Sauti yake ni ndogo, hizo feni zinaimeza. Akikutaka anakurushia jani kwa shingo. Wachuka wa ofisi alirushiwa siku yake ya kwanza, akafikiri ni mdudu, akakimbia mpaka getini.

Lakini tuseme ukweli, tulimchukua kama mtu hana nguvu. Chai yake kwa kantini ilikuwa nyepesi mpaka unaona chini ya kikombe. Mimi nilikuwa naona haya kumpatia, mtu wa kiwanda ya chai anakunywa maji ya kuosha sufuria. Hata kukataa mtu hawezi, ukimwambia akushikie shifti anashika. Kitu moja tu alikuwa anakataa: magunia. Lori ikichelewa tunaitwa wote kusaidia kupakia, na miaka saba sasa yeye anasema, "Mgongo yangu haiwezi," anaenda zake. Mutahi, yule mkubwa wa wapakiaji, mwenye anabeba gunia mbili kama mapacha, ndiye alimpatia jina ya Uji. Uji, njoo ujaribu hii. Uji, umekunywa dawa? Kingori anacheka tu, anavuta kofia chini. Hiyo kofia haitoki, jua au mvua, hata kanisani. Tulisema ni kipara. Mimi nilisema ni kipara.

Sasa mwezi huu akamwambia meneja hataki sherehe, apewe mkono hapo getini aende. Watu wakasema anaringa. Jumapili iliyopita tukatumwa kumbembeleza: mimi, Wachuka na Mutahi, na mkate na sukari kwa kiondo. Kwake gari haifiki, ni njia ya mguu, mlima tupu. Tukiwa katikati tukaona mtu mbele yetu anapanda, ameinama, fimbo mkononi, na mgongoni amebeba mwanamke mzima.

Tukakimbia tukampita, tukageuka: alikuwa Kingori. Mgongoni ni Monicah, bibi yake wa ndoa, tunamwita Mama Ben, ameketi kwa kabao kadogo. Na chini ya hako kabao imepita mukwa, ile kamba ya ngozi mama zetu walibebea kuni, imezunguka mpaka kwa paji la uso ya Kingori.

Wewe wa kwetu unajua. Mukwa ni ya mwanamke. Mwanaume atabeba na bega, na punda, na mkokoteni, lakini kuiweka kwa kichwa, hata mzaha hafanyi. Mutahi aliangusha kiondo. Kofia ilikuwa kwa mfuko, na kwa hiyo paji nikaona mfereji ya kamba, kama ya cucu, nyanya yangu, aliyezikwa nayo. Tukasimama hapo katikati ya njia, mpaka yule wa mgongoni akatuambia, "Msijae njiani kama mbuzi. Pisheni, hii gari haina breki."

Nyumbani ndio tukaambiwa. Miaka saba iliyopita Monicah alipigwa na stroki, upande wa kulia ikalegea yote, mkono na mguu. Daktari wa Murang'a anataka kumuona kila wiki, na barabara iko chini. Boda boda ilimwangusha mara moja, hakurudia. Ndio Kingori akachukua mukwa ya mama yake ukutani.

Mutahi akamuuliza kwa nini hakusema. Kingori akajibu na hiyo sauti yake, "Mgongo ni moja. Ningeipatia magunia, Mama Ben ningembeba na nini?"

Na hiyo chai yake nyepesi? Monicah akasema, "Mimi nilikatazwa chai ya nguvu. Yeye sijui alikatazwa na nani." Huyo ni msichana wa Giakanja, mnajua watu wa Nyeri na mdomo yao.

Lakini sherehe, Kingori alikataa kabisa. Hawezi kukatiwa keki huku bibi yake amelala huko juu akisikia muziki. Na Monicah pia akakataa kuja. Alisema, "Wakinicheka mimi, nimezoea. Wakimcheka huyu na mukwa yake, nitarusha mtu kikombe, na mkono ya kushoto iko sawa."

Halafu Mutahi akasimama, kichwa ikagonga paa. "Mama Ben, Ijumaa nakubeba mimi. Na hiyo mukwa, mbele ya watu wote. Mwenye anataka kucheka aanze na mimi."

Monicah alimwangalia kutoka juu mpaka chini, akamuuliza, "Uko na shingo wewe?"

Basi Kingori, kiwanda inasema asante. Asante kwa chai yote ilipita kwa mkono yako, na kwa shifti zetu ulishika, hata zangu. Umelegeza majani ya watu miaka hiyo yote, sasa nenda ulegee wewe kidogo. Mungu awape nyinyi wawili siku ndefu na njia isiyo na matope. Chai ya leo nimekupikia...

Wachuka ananiita hapa dirishani, ati niache kalamu. Mutahi ameketi chini kwa kona ya posho mill, ile ya kusaga unga, shingo imekataa kumfikisha Mama Ben. Kingori amevua kofia hapo barabarani, watu wote wakiangalia, anaitisha mukwa. Wacha niende. Nasikia Mama Ben akisema wapishe.