Ukurasa Uliotolewa: Maisha ya Connie Mukunde, 1981–2025

Wazee wetu, ndugu, majirani wa Batsinda, anayesoma ni Achille, mdogo wa marehemu, aliyeacha shule kidato cha pili lakini kwa sauti hana mpinzani katika ukoo huu, anayebisha aseme sasa.

Connie Mukunde alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 huko Ngara, Tanzania, mtoto wa kwanza wa mzee Sangwa na mama Gwiza, akarudi Rwanda na wazazi mwaka 1995, akamaliza sekondari hapa Kigali mwaka 2001 na chuo kikuu Huye mwaka 2006, katika darasa ambalo wavulana walimwita Bibi Hadubini, mpaka matokeo yakabandikwa ukutani, wakaja kumwazima madaftari.

Kuhusu kazi, baba mkubwa Melchior, yule pale mbele mwenye koti la kijivu, aliagiza ukurasa huu uondolewe kwenye wasifu, iandikwe tu kwamba marehemu alikuwa wa maabara, eti waombolezaji hawataelewa, lakini tarehe 2 Februari, akiwa kitandani, Mukunde alimwapisha Achille ausome wote, na Achille hajawahi kuvunja ahadi kwa dada yake, za wengine tusizifukue.

Ndani ya kila seli ya mwili, mizigo husafiri katika vifuko vidogo vya utando, na kuna protini zinazoelekeza kila kifuko kiende mlango gani, na Mukunde alitumia miaka kumi na tano kufuatilia ukoo wa protini hizo, ambazo ni nyingi lakini zinafanana kama ndugu, kwa kuwa zina babu mmoja wa kale sana, maelekezo yake yakanakiliwa, nakala ikakosewa kidogo, na kosa likajipatia kazi kwenye mlango mpya.

Mfano wake aliupata kwa Achille, ghalani Masoro anakofanya kazi, maana lango la pili lilipofunguliwa Achille alinakili karatasi ya maelekezo ya lango la kwanza, akakosea mstari mmoja, unga ukahamia lango la pili, bosi akafoka, kisha akaona huko unapakiwa upesi zaidi, akaiacha hivyo, na Mukunde alicheka hadi akakaa juu ya magunia, akasema mjinga wewe, umenimalizia mhadhara.

Na baba mkubwa alipomuuliza kwenye harusi ya jirani ana nini cha kuonyesha, alimjibu kwamba hata hamira iliyochachusha urwagwa wake, hiyo pombe ya ndizi, inaelekeza mizigo kwa protini za ukoo huo huo, kwa hiyo anakunywa binamu zake, mzee akaitazama chupa, akaimaliza.

Ndoa, hakuolewa, hakuomba ruhusa ya mtu, na kipengele hiki hakirukwi. Watoto, alimlea Shami, binti wa dada yetu mwingine aliyetangulia, na Shami sasa yuko chuo.

Aligundulika kuwa na saratani ya matiti mwezi Juni 2023, akaendelea kusahihisha kazi za wanafunzi kwa mkono usio na dripu, hadi alipofariki tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika, wenzake wa maabara, na fundi wa fotokopi wa Biryogo, kwa sababu ukurasa huu ulipotolewa jana, nakala mia mbili zilikuwa tayari, mnazo mikononi, na yako, baba mkubwa, umeikalia. Nakilini na nyinyi, mkikosea kidogo Mukunde hatakasirika.

Pumzika kwa amani, dada, ukurasa umesomwa.