Goti la Mwalimu na Safu ya Nyuma

Mimi kwenye basi sisikilizi mazungumzo ya watu. Kiti cha mbele yangu, mwalimu mwenye bendeji gotini alimwambia fundi cherehani aliyeketi naye, "Dada, daktari kanikataza kuzunguka darasani. Nikikaa mezani, safu ya nyuma nimeipoteza."

"Si uwakemee ukiwa umekaa?"

"Kukemewa wamezoea. Lakini nikipita nikagonga dawati kwa kidole, hata aliyesinzia anauliza swali."

Jamani, huyu angenifundisha mimi, leo ningekuwa namtibu hilo goti.

"Basi wazunguke wao, mwalimu. Kila kipindi wa nyuma wahamie mbele."

"Kwa vurugu ile? Mkuu wa shule ataniita."

Basi likasimama. Kondakta akanigusa bega. "Kijana, kituo chako tumekipita tangu kwenye habari za daktari. Unashuka, au unamsubiri fundi ajibu?"