Asimina Ralli na Sanamu Isiyo na Kichwa

Wasikilizaji wapendwa, leo sijatulia. Kahawa imepoa mbele yangu na sijaigusa. Fundi mitambo aliweka muziki wa huzuni, nikamwambia autoe. Tunayemkumbuka asingeuvumilia. Angeuliza: nani kawaambia nilikuwa mtu wa huzuni?

Tunamkumbuka Asimina Ralli, mwalimu wa Kigiriki cha kale hapa Kalopetra. Leo ni arobaini yake. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: Asimina Ralli, mwalimu wetu, leo ni arobaini. Ngano ya kumwombea imeshachemshwa, imepambwa kwa sukari na komamanga, iko kanisani. Mdogo wake Stamatis, mwenye nyumba ya wageni pale uwanjani, hayuko kanisani. Yuko hapa, nyuma ya kioo cha studio, kofia mkononi. Anataka kujua kama dada yake alikufa amemsamehe.

Asimina ndiye aliyemlea. Mama yao alifariki mapema, dada akawa mama. Stamatis ameniambia hivi: "Siku moja nilisema Sokrate alikuwa mjinga, kwa nini anywe sumu badala ya kutoroka? Hakuniambia nimekosea. Akaniuliza, angetorokea wapi? Tukabishana mpaka dengu zikaungua. Tukala mkate na zeituni."

Ndivyo alivyofundisha. Mnatujua sisi wa Kalopetra. Mpe mtu glasi mbili za tsipuro, pombe yetu kali ya zabibu, wahenga wote wa Athene wanakuwa babu zake. "Babu zetu waliujua ulimwengu mzima!" Asimina anageuka taratibu: "Na wewe, mjukuu, unajua nini?" Sokrate alizunguka sokoni akiwauliza watu wanajuaje wanachodai kujua. Mwalimu wetu naye alizunguka sokoni kwetu, na kapu la nyanya. Wapo waliovuka barabara wakimwona.

Kisha ukachimbwa mfereji wa maji taka. Mnaukumbuka. Chini ya tope ikatoka sanamu ya marumaru, mwanamume amevaa joho, hana kichwa. Kabla ya saa ya chakula mji mzima ulishamtambua: ni Timoklis, mwanafalsafa tunayesema alizaliwa hapa, ambaye wale wa mji wa ng'ambo ya mto wanasema alizaliwa kwao. Stamatis akaipa nyumba yake ya wageni jina la Timoklis. Meya akamwomba Asimina atunge maneno ya kuchongwa kwenye jiwe la chini ya sanamu.

Akatunga neno moja. "Hatujui."

Meya akacheka, akidhani ni utani. Haukuwa utani. Wakachonga TIMOKLIS bila yeye. Na yeye kila asubuhi akawa anasimama pale, akimwuliza kila mgeni aliyepiga picha: "Umejuaje kuwa ndiye?" Wageni wakaanza kuondoka na maswali badala ya kulala kwa Stamatis. Wale wa ng'ambo ya mto wakatucheka hadi machozi. Watu wetu wakamnunia. Wengine walimwita msaliti, mwanamke aliyetufundisha kusoma. Jambo hilo linaniudhi hadi leo na silifichi. Na Stamatis akaacha kusema na dada yake.

Asimina akaugua. Marina, binti wa Stamatis, ndiye aliyekuwa akimwuguza hospitali. Siku moja baba yake alifika. Marina alikuwepo, amenisimulia.

"Dada, sema tu kwamba ni yeye. Neno moja. Tumalize, nikupeleke nyumbani kwangu."

"Kichwa kiko wapi?"

"Achana na kichwa."

"Basi nimtambue kwa magoti, Stamatis?"

Marina anasema shangazi alicheka, akamshika baba mkono. Baba akauvuta. Akasema, "Haya, ukweli wako na ukuzike." Akatoka.

Asimina alifariki kesho yake kabla ya mchana. Stamatis hakurudi kumwona akiwa hai.

Jana, wasikilizaji wapendwa, watu wakiwa wamejaa uwanjani, mzee Stamatis alikwenda na tindo na nyundo, akapiga magoti mbele ya sanamu, akaanza kufuta jina. Meya akaja mbio. "Stamatis, nani kakuruhusu?"

"Nishtaki nikishamaliza."

Alimaliza. Jiwe ni tupu. Nimepita pale asubuhi hii, nikakuta watu wamesimama wanabishana huyu ni nani, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuondoka.

Tunatoa pole kwa familia ya Ralli. Pole kwako, Marina, uliyemwuguza shangazi yako. Na wewe unayesikiliza, kabla hujanawa mikono uende kula ngano ya mwalimu, chagua jambo moja unaloapa kwamba unalijua. Jiulize umelijuaje.

Pole zaidi kwako, mzee Stamatis. Uliponishika mkono pale mlangoni ukaniomba niseme hewani kwamba amekusamehe, nilikuambia ukae nyuma ya kioo usikilize. Ni rahisi sana kusema. Mji mzima ungefarijika, na mimi ningekunywa kahawa yangu. Najua alicheka. Najua alikushika mkono. Lakini alinifundisha mimi pia, mzee wangu, na ukiniuliza kama alikufa amekusamehe, sijui.