Tope Lililo Chini ya Nyavu za Shaba

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri wa Uvuvi. Meneja wetu wa shamba. Wageni waalikwa na majirani zetu wa ufukweni:

KARIBU KWETU

Sisi wafanyakazi wa vizimba vya samaki, yaani wazamiaji, walishaji, waparaji na waendesha boti, tunakupokea kwa mikono miwili. Utuwie radhi kwa viti kutotosha. Waliosimama nyuma ni watu wa kazi, wamezoea. Tunajua umekuja kuzindua vizimba vipya vya nyavu za shaba kwenye ghuba ndogo. Kabla hujafanya hivyo, tunaomba utupe sikio lako.

TULIKOTOKA

Tulianza na nyavu za nailoni. Mwani na chaza wadogo walizing'ang'ania mpaka maji yakashindwa kupita, na samaki wakawa wanatweta kama watu waliofungiwa chumbani. Wazamiaji walishuka kuzisugua kwa brashi. Katika kazi hiyo tulimpoteza mwenzetu tuliyemwita Pweza, kwa jinsi alivyofanya kazi utadhani ana mikono minane. Wavu ulielemewa na uchafu, kamba ikakatika, ukamfunika akiwa chini. Tulipompandisha alikuwa ameshatuaga. Mjane wake ni mparaji samaki katika banda letu mpaka leo, na yupo hapa mbele yako.

MAFANIKIO

Baada ya msiba ule, meneja alileta nyavu za shaba iliyochanganywa na madini mengine. Mheshimiwa, hatutasema uongo: zilitukomboa. Mwani hauzishiki kirahisi, papa hawawezi kuzitafuna, samaki wananenepa. Wazamiaji hawashuki tena roho mkononi. Wapo waliojenga, wapo waliosomesha, na wake zetu na waume zetu wanalala usingizi.

CHANGAMOTO

Msimu uliopita, mzamiaji wetu mkongwe, tunayemwita Babu ingawa hana hata mjukuu, alishuka kukagua nanga chini ya vizimba vya mwanzo vya nyavu za shaba. Alipanda amekunja uso. Tulipomuuliza, alisema tope la pale si lile analolijua. Zamani ukiligusa, minyoo inajichimbia na kaa wanatawanyika. Sasa limelala tu. Akachota ndoo moja, akampelekea meneja.

Meneja hakufurahi. Alisema samaki ni wazima, na wanunuzi wakisikia habari za tope watatukimbia, turudi nyumbani mikono mitupu. Babu akanyamaza, maana naye ana watu wanaomtegemea.

Aliyesema ni mjane wa Pweza. Aliweka kisu chake mezani, akajifuta mikono kwenye aproni, akamwambia meneja mbele yetu sote:

"Bosi, nyavu hizi zingekuja mapema, mume wangu angekuwa hai. Hapa hakuna anayezipenda kuliko mimi. Ndiyo maana nataka tujue zinaacha nini huko chini. Tukificha, siku moja zitaondolewa, na wazamiaji watarudi kwenye brashi."

Meneja alikaa juu ya kreti tupu, akafikiri. Kesho yake akamwita mama mmoja, mtaalamu wa maabara.

Mama huyo alipima, akatueleza bila kuzungusha. Shaba huyeyuka kidogo kidogo, hushuka na kukaa kwenye tope. Chini ya vizimba aliikuta nyingi. Kadiri alivyosogea mbali, ndivyo ilivyopungua. Alituonya pia tusiitupie shaba lawama zote, kwani mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki huozea palepale na kulinyima tope hewa. Kipi kimeharibu kiasi gani, alisema, bado hajui, na itabidi arudi msimu hadi msimu. Tulimheshimu zaidi kwa kukiri kwamba hajui.

Basi meneja akahamisha safu moja ya vizimba ili mahali pale papumzike. Juzi Babu alishuka tena, na safari hii alipanda akicheka, kidole kimevimba. Kaa alimbana. Hiyo si taarifa ya maabara, Mheshimiwa, lakini banda zima tulikwenda kukitazama hicho kidole.

MAOMBI

Ghuba ndogo ina maji yaliyotulia. Haina mkondo wa kubeba kitu. Kinachoanguka pale kinabaki pale. Na ndipo mama zetu na shangazi zetu wanapookota kome bahari ikikupwa, maji yakitoka. Wao hawakuajiriwa na shamba, kwa hiyo hakuna aliyewauliza.

Tunaomba vizimba vipya vipelekwe nje, penye mkondo na kina, hata kama sisi tutasafiri mbali na kulowa zaidi. Tunaomba tope lipimwe kabla na baada, na mtu asiyelipwa na shamba, na majibu tusomewe kwa lugha hii tunayoongea. Tena kila sehemu ipewe muda wa kupumzika.

Tunajua utepe umeshafungwa na wapiga picha wamefika. Hatukusudii kukuaibisha wewe, wala meneja wetu, ambaye jana aliisoma risala hii na kutuambia tusifute hata neno moja. Tunachoomba ni mkasi usubiri. Maji yametoka sasa hivi, na akina mama wako ghubani na vikapu vyao. Boti iko tayari. Nenda ukawaulize kwanza.

Mungu akutangulie majini na akurudishe salama, na azibariki nyumba zote zinazokula kutoka humo.

Ni sisi,
Umoja wa Wafanyakazi wa Vizimba vya Samaki