Kocha Arimura Aaga Uwanja wa Mkuki

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kufundisha kurusha mkuki katika chuo chetu hapa Saint Paul, Kocha Setsuko Arimura anastaafu tarehe 31 Mei, 1996. Sisi wanariadha wa Afrika Mashariki tuliopita mikononi mwake tuliomba ukurasa mmoja wa kijitabu hiki uwe wa Kiswahili, nami, msaidizi wake tangu 1991, nikapewa kuuandika.

Alizaliwa Niigata, Japani, binti wa seremala. Alishika mkuki akiwa na miaka kumi na minne. Alipofika ishirini na mitatu alikuwa miongoni mwa warushaji watatu bora wa kike nchini kwao. Mwaka huo bega likaanza kumuuma. Hakumwambia mtu. Alirusha kwenye mchujo huku amekaza meno, akashinda, na tangu siku ile mkono wake haukupanda tena juu ya sikio. Akaja Minnesota kusomea ualimu wa michezo, akabaki.

Kazi ya huku ina vituko vyake. Aprili theluji ingalipo, na kila mwaka Kocha alikuwa wa kwanza kushika koleo kusafisha njia ya kukimbilia. Kwa Watanzania alijifunza neno moja tu, “Bado!”, akawa analitumia kwa kila mtu. Vijana wa mashambani wenye asili ya Norwe wanaamini mpaka leo kwamba ni Kijapani.

Lakini tutakaloendelea kulisimulia ni la mwaka 1990. Nkatha, mwanafunzi wa mwaka wa pili kutoka Meru, ndiye aliyekuwa tegemeo letu la kutwaa kombe la kanda kwa mara ya kwanza. Asubuhi ya fainali Kocha alimwona akihangaika kufunga viatu kwa mkono mmoja. Akambonyeza kiwiko, kisha akalifuta jina lake kwenye orodha.

“Kocha, niache nirushe mara moja tu!” Nkatha alilia.

“Hata mimi nilisema mara moja,” akajibu.

Kombe tulilikosa kwa pointi mbili. Msimu uliofuata wakubwa wa chuo walimwondoa Kocha timu ya kwanza, wakampa wanaoanza. Aliwafundisha kwa bidii ileile. Nkatha, aliyepasuliwa kiwiko wiki ileile ya fainali, hakumsemesha mwaka mzima. Sisi wengine tulimteta bwenini, na mimi nilikuwa mstari wa mbele.

Machipuko ya 1992 Nkatha alirudi uwanjani, akarusha mita hamsini na moja, mbali kuliko alivyowahi kurusha. Hakungoja hata matokeo yatangazwe. Alivuka uwanja mpaka alipokuwa Kocha na wanafunzi wake wapya.

“Kocha, nisamehe.”

“Nyoosha mkono,” Kocha akamwambia. Akaunyoosha. “Vizuri.”

Siku hizi Nkatha ni mtaalamu wa tiba ya viungo kule Plymouth.

Kocha anarudi Niigata kuishi na dada yake. Nkatha aliomba radhi mapema. Sisi wengine tulijifanya tumesahau. Basi tuseme leo, mbele ya watu: Kocha, tulikuteta, nasi ndio tuliokosea. Asante kwa kutujali kuliko kombe. Safari njema, na mapumziko yako yawe marefu na yenye afya.

Ikupa